Ukurasa wa Themanini na Nane

Kila Ijumaa saa nane mchana tulikuwa tunasainiana madaftari. Ndiyo desturi niliyoikuta nilipofika Taasisi ya Kemia, Kondoa, na ndiyo niliyowafundisha waliokuja nyuma yangu. Kanuni ya maabara inasema kila ukurasa wa majaribio lazima uwe na sahihi ya shahidi, yaani mwanafunzi mwenzako aliyesimama pembeni akakuona ukipima. Lakini nani ana muda wa kusimama pembeni ya mwenzake wiki nzima? Kwa hiyo tulikaa kwenye meza ndefu ya chumba cha chai, tukasukumiana madaftari, na kila mmoja akasaini kurasa thelathini huku anatafuna karanga. Ulishuhudia? Nilishuhudia. Haya, lete la kwako.

Ijumaa ile zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili nitetee tasnifu yangu. Nilikuwa mwaka wa sita. Mwanafunzi wa uzamivu akifika mwaka wa sita aibu inakuwa imeshamtoka. Anaweza kulala juu ya stuli na kuamka akaendelea kupima. Nilikuwa nimesaini madaftari matano bila kusoma hata mstari mmoja pale Shose Tarimo, msichana wa mwaka wa kwanza, aliponiwekea la kwake likiwa wazi, na kidole chake kiko juu ya namba.

"Shikamoo dada Tulinagwe. Naomba usome kabla hujasaini."

"Marahaba. Tangu lini humu tunasoma?"

Hakucheka. Nikasoma. Alumini, miligramu mbili nukta nne kwa lita. Pembeni, kwa wino mwekundu wa Shangazi, utabiri ulikuwa sifuri nukta moja.

Shangazi si mtu. Jina lake rasmi ni Mfumo wa Utabiri wa Matokeo, lakini sisi tulimwita Shangazi kwa sababu anajua kila kitu kabla hujafungua mdomo na hakosolewi mbele za watu. Unamwambia unataka kuchanganya nini na nini, kwa joto gani, kwa muda gani. Hujavaa hata koti la maabara, jibu limeshatokea kwenye kioo cha meza yako. Utauliza, sasa ninyi kazi yenu ilikuwa nini? Kazi yetu ilikuwa mkono. Sheria ya Uthibitisho inasema hakuna dawa, mbolea wala kitu chochote cha kutiwa kwenye maji ya watu kitakachotoka kiwandani kwa neno la mashine peke yake. Lazima mkono wa binadamu ukipime kwanza. Ni sheria nzuri. Iliandikwa na watu waliokuwa wametoka kuzika wenzao.

Mkono wako ukikubaliana na Shangazi, unapata alama. Usipokubaliana, hakuna anayesema Shangazi kakosea. Wanasema una mkono mchafu. Unarudi kuosha vyombo vyako vyote na kuanza upya, na sisi tuliita kunawa. Unanawa mara moja, mara mbili, mara sita, mpaka namba ije inakotakiwa. Zile tano za kwanza haziandikwi popote.

"Umenawa?" nikamuuliza Shose.

"Mara nne. Kila mara ni mbili nukta tatu, mbili nukta nne."

"Alama yako ya mkono imefika ngapi?"

"Sitini na nane."

Chini ya sabini unaitwa kwenye kikao cha mkono. Unarudia jaribio mbele ya jopo, na ukishindwa unafungasha virago. Chediel Mbwambo, rafiki yangu ambaye tulianza naye siku moja, aliacha kutafuna.

"Mdogo wangu," akamwambia, "pokea ushauri wa bure. Nawa tena."

"Nimenawa mpaka vidole vimechubuka, kaka. Unga wa Profesa unaachia alumini. Maji yakiwa ya moto unaachia."

Nikamrudishia daftari bila kusaini. Nilimwambia siwezi kusaini kitu ambacho sikukishuhudia. Katika miaka sita ilikuwa mara yangu ya kwanza kuifuata ile kanuni, na niliifuata kwa woga tu.

*

Unga wenyewe nauelewa vizuri, maana tasnifu yangu yote inauhusu. Upande wa nyuma wa Mlima Meru, kule mvua isikofika, maji ya ardhini yana floridi nyingi. Ukiyanywa tangu utotoni meno yanakuwa ya kahawia, na ikizidi mifupa inapinda. Msimamizi wangu, Profesa Nanyaro, amezaliwa huko. Akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, mwanamke wa miaka sitini na nne, mwenye heshima zake, bado anaziba mdomo kama msichana wa shule. Ametumia miaka ishirini na moja kutengeneza unga mweupe unaonasa floridi. Kijiko kimoja kwa ndoo, unakoroga, unaacha utuame, unakunywa. Na unanasa kweli. Hakuna aliyewahi kudanganya juu ya hilo.

Tatizo ni kwamba unga umejengwa juu ya alumini, na maji ya kule yana magadi. Magadi hula alumini. Yakiwa baridi hula polepole mno, huwezi hata kupima. Yakipata joto hula haraka. Na watu wa kule huhifadhi maji kwenye matanki meusi juu ya mapaa, ambayo mchana hufika nyuzi joto arobaini bila kuwashwa moto. Alumini kidogo kidogo, kila siku, kwa mtoto ambaye figo zake bado changa, huishia kwenye mifupa na kichwani. Tungemwondolea mtoto ugonjwa mmoja na kumpa mwingine usioonekana kwa macho.

Malori ya kwanza yalikuwa yaondoke siku kumi baada ya Ijumaa ile, Jumatatu, kupeleka unga kwenye vijiji arobaini.

Jumamosi asubuhi nilikwenda maabara kutafuta kosa la Shose. Ndivyo nilivyojiambia. Nilipima maji ya magadi, nikayapasha mpaka arobaini, nikatia unga, nikakoroga, nikasubiri saa nzima, nikachuja, nikapima. Mbili nukta nne.

Sikushangaa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu asiye na hatia angeshangaa.

Nikamuuliza Shangazi swali ambalo wanafunzi hatumuulizi. Nikaandika: nionyeshe msingi wa utabiri huu. Unaruhusiwa kuuliza, ila jina lako hubaki kwenye orodha ya waliouliza, na hakuna anayetaka kuwa kwenye orodha. Kioo kikajaa mistari. Huu umekisiwa kutokana na ule, na ule kutokana na mwingine, na huo kutokana na mwingine tena. Niliteremka mistari mia mbili na kitu, yote makisio. Mwishoni kabisa kulikuwa na ukurasa mmoja tu uliopimwa na mtu kwa joto lile. Daftari la T. Mwasandube, ukurasa wa themanini na nane. Shahidi, C. Mbwambo.

T. Mwasandube ni mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili. Alama yangu ya mkono ilikuwa sabini na moja. Shangazi alikuwa anasema sifuri nukta moja, na wakati ule hata yeye hakuwa na uhakika, alijipa asilimia sitini tu. Mimi nilikuwa napata mbili nukta tatu. Nilinawa mara tano. Mara ya sita sikuwasha kipasha maji. Nilitumia maji ya bomba, ya baridi, nikapata sifuri nukta moja, na kwenye nafasi ya joto nikaandika arobaini. Alama ya kijani ikawaka. Ijumaa yake Chediel akasaini, tukaenda kula chipsi.

Nilijisemea kwamba mashine inajua kuliko mimi, kwamba mkono wangu kweli ni mchafu na namwokolea Profesa muda. Ona sasa. Nilidanganya kwa sababu Shangazi alisema sifuri nukta moja, na Shangazi akapanda kutoka sitini mpaka tisini na tisa kwa sababu nilidanganya. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka minne, na kila mwaka nilipewa cheti cha mkono bora.

*

Nilimkuta Chediel Jumapili mchana akianika mashati nyuma ya bweni. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alimaliza shati alilokuwa analikamua, akalining'iniza, akabana vibanio viwili.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi tuishie hapo."

"Chediel, watoto watakunywa."

"Watoto sasa hivi wanakunywa floridi. Wewe unataka wanywe nini, hasira zako?" Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. "Sikiliza, Tuli. Unadhani ni wewe peke yako? Mimi nina kurasa tatu. Ya mbolea moja, ya dawa ya kuku mbili. Mwasiti, yule aliyetutangulia, kabla hajamaliza masomo aliniambia ana kumi na moja. Kila mtu humu ndani ana maji yake ya baridi. Ukifungua mdomo juu ya ukurasa mmoja wataanza kufungua zote, na vyote vilivyotoka humu miaka kumi na tano vitakuwa mashakani. Mbolea, dawa, kila kitu."

"Labda inafaa viwe mashakani."

"Labda. Halafu watu watalima na nini wakati ninyi mnachunguza?" Akashusha sauti. "Mama yangu kule Same ameshaanza kuitwa Mama Daktari. Nimepewa nafasi ya kufundisha, naanza Julai. Sahihi yangu iko kwenye ule ukurasa."

"Najua iko wapi."

"Shose ana miaka ishirini na nne, ana pa kuanzia. Wewe una thelathini na tatu na huna hata kitanda cha kwako. Ukirudi kwenu Tukuyu utawaambia nini? Kwamba ulisoma miaka sita ukagundua wewe ni mwongo?"

Nilimchukia kwa sababu nilikuwa nimeshajiuliza hilo hilo usiku kucha, kwa maneno yale yale.

*

Jumatatu nikaenda kwa Profesa Nanyaro. Ofisi yake haina picha ya mtu ila moja, ya dada yake akiwa ameegemea fimbo mbili. Nilisema kila kitu, hata ile sehemu ya chipsi. Alinisikiliza bila kunikatisha, kisha akavua miwani.

"Ukurasa ule niliupitisha mimi," akasema. "Sikuuliza kwa nini namba imeshuka ghafla. Nilifurahi imeshuka."

"Ndiyo, Mama."

"Unga unaondoa floridi?"

"Unaondoa."

"Nina wapwa watatu wenye miguu ya upinde, Tulinagwe. Wa nne ana miezi saba, bado miguu yake imenyooka. Kikao cha mkono cha yule binti ni keshokutwa, na wewe ndiye shahidi mkuu kwa kuwa una alama ya juu. Ukisema mkono wake safi, unga unasimamishwa. Ukisimamishwa leo, utafufuka baada ya miaka mitano kama wafadhili hawajakimbia. Mimi nastaafu Desemba." Alivaa miwani yake tena. "Malori yaende. Baada ya miezi miwili nitafungua utafiti mpya wa joto. Utauongoza wewe, ukiwa Daktari Mwasandube. Utalipata tatizo kwa njia halali, tutaurekebisha unga, na hakuna atakayejua tulilijua kabla."

"Na Shose?"

"Shose atarudi kwao. Sina pa kumweka mtu aliyesema kweli mapema mno."

Alisema kwa uchungu, namshuhudia. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa sana awe mtu mbaya. Nilitikisa kichwa kukubali, nikasema ahsante Mama, nikatoka. Narudia ili ieleweke, nilikubali.

*

Jumatano saa nne asubuhi walitukusanya kwenye maabara kuu. Jopo lilikuwa la watu watatu, Profesa Nanyaro na wahadhiri wawili, mwenyekiti akiwa Dakta Kihwele, mtu mpole ambaye kanuni zote amezihifadhi kichwani. Wanafunzi kama kumi na tano walikaa nyuma kwenye mabenchi. Chediel alikuwa wa pili kutoka mlangoni. Mimi nilisimama kwenye meza, hatua moja kutoka kwa Shose, na karatasi yenye visanduku viwili, mkono safi na mkono mchafu.

Alifanya vizuri. Alifanya kila kitu kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe wiki yake ya kwanza, suuza tatu za maji safi, moja ya maji ya jaribio, soma bureti macho yakiwa sawa na mstari. Nilikuwa na kalamu mkononi na nilijua nitaiweka wapi. Kisha akatumbukiza kipimajoto, akangoja, akageuka.

"Nyuzi arobaini, dada. Tafadhali njoo uangalie."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia niangalie. Miaka sita nimesaini maelfu ya kurasa kwamba nimeona, na hakuna aliyewahi kunisogezea kipimajoto. Ilibidi niiname. Ilikuwa arobaini kamili, naye alikuwa amekishika kwa vidole vilivyochubuka, akisubiri shahidi wake aseme alichoona.

"Arobaini," nikasema.

Baada ya saa moja namba ikatoka. Mbili nukta nne. Dakta Kihwele akaniuliza nimeshuhudia nini.

"Mkono wake safi," nikasema. "Mchafu ni wangu." Nikawaambia ukurasa wa themanini na nane. Nikawaambia maji yalikuwa ya bomba. Nilipofika kwenye jina la shahidi nikasema tu kwamba hakuwepo, kwamba hakuna shahidi anayekuwepo, kwamba Ijumaa tunasainiana tukila karanga. Nyuma mtu akakohoa.

Nilidhani nimeshafanya lililo gumu, yaliyobaki yatajifanya yenyewe. Ndivyo mtu anavyodhani akishakiri.

Dakta Kihwele alifunga macho kidogo, akitafuta kanuni. "Bi Mwasandube umekiri kughushi mbele ya jopo," akasema, bila ukali wowote. "Kuanzia ulipokiri, jina lako limefutwa katika orodha ya wenye mkono. Mtu aliyefutwa hawezi kuwa shahidi. Kwa hiyo jaribio la Bi Tarimo limefanyika bila shahidi."

"Mmeliona wote," nikasema.

"Jopo haliwezi kuwa hakimu na shahidi kwa wakati mmoja. Kanuni inaruhusu mwanafunzi mwingine aliyekuwepo asimame badala yako." Akaangalia mabenchi. "Yupo aliyeona kipimajoto?"

Walikuwa kumi na tano, na kutoka benchi la mbele mpaka mezani pana hatua nne. Nilimwangalia Chediel. Alikuwa anaangalia viatu vyake, anafuta vumbi kwenye kimoja kwa kidole. Nilimngoja. Dakta Kihwele naye alingoja, lazima nikiri, alingoja muda mrefu kuliko kanuni inavyotaka.

Hakusimama mtu.

"Basi alama ya Bi Tarimo inabaki sitini na nane," akasema.

"Na unga?" Shose akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupaza sauti. "Niondoeni mimi, sawa. Unga je?"

Wakamwamuru Shangazi aufute ukurasa wangu na akokotoe upya. Ilichukua muda mfupi tu, hata kiti hakikupata joto. Utabiri, sifuri nukta moja. Uhakika ulikuwa umeshuka kutoka tisini na tisa mpaka tisini na sita. Niliwaambia yale makisio mia mbili yamezaliwa na ukurasa ule, kwamba mmemfuta mama mkawaacha watoto wake waendelee kuapa kwa jina lake. Dakta Kihwele akajibu kwamba sheria inataka tisini na tano, na kwamba kurasa nyingine zilizopimwa na mikono ya watu zinatosha. Zilikuwa kurasa za joto la chumbani, na za wenzangu, nazo najua zilivyopatikana.

Fomu ya kuuruhusu unga utoke ikapelekwa kwa Profesa Nanyaro. Kama mkuu wa utafiti angeweza kuizuia kwa neno moja. Aliishika kwa mikono miwili, akaisoma kama hajawahi kuiona. Alikuwa analia, machozi yanashuka waziwazi mbele ya wanafunzi wake. Akasaini.

*

Shose alipakia vitu vyake katika begi moja. Nilikwenda kumsaidia, akaniachia nibebe ndoo.

"Ungesema Ijumaa," akaniambia, "kabla hawajakuweka kwenye karatasi. Ungeandika barua kwa watu wa nje, ukiwa bado una jina. Ulingoja mpaka neno lako likawa halina kazi."

"Niliogopa, Shose."

"Hata mimi niliogopa." Hakusema kwa kunikomoa. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu. "Mimi naenda nyumbani Rombo. Wewe nenda huko kwenye maji."

Nilikwenda. Sikuwa na tasnifu ya kutetea wala mtu wa kuniuliza niko wapi. Nilifika nyuma ya Meru siku tatu baada ya malori, nikaanza nyumba hadi nyumba na kipimajoto na daftari. Nilikuwa na matumaini kwa sababu dawa ya tatizo ni rahisi, tumia maji ya baridi, basi.

Nyumba ya nne ilikuwa ya mwanamke aliyeitwa Mama Ndekirwa. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda. Mtoto wake, wa miaka sita hivi, alikuwa amekaa kizingitini, magoti yameachana kiasi cha kupitisha kichwa cha mbuzi. Ndoo ilikuwa chini ya bomba la tanki, na pakiti ya unga ilikuwa pembeni yake, imefunguliwa.

"Mama, huu unga usitie kwenye maji ya moto," nikamwambia. "Kinga maji asubuhi yakiwa ya baridi."

"Pampu yetu ni ya jua, mwanangu. Tanki linajaa saa sita. Jioni watu wameshamaliza. Asubuhi utapata hewa."

"Yaache kwenye ndoo yapoe mpaka kesho."

"Tuna ndoo mbili na watu tisa." Hakuwa anabishana, alikuwa ananieleza. "Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Wa serikali?"

"Hapana. Nilisoma mambo ya huu unga. Una kitu kinachotoka kwenye joto, kinaingia mifupani na kichwani kwa mtoto. Huwezi kukiona leo."

Aliinua pakiti, akaisogeza mbali kidogo na macho ili aone. Sheria ya Uthibitisho inataka jina la aliyepima lichapwe, na pakiti zilikuwa zimechapwa tangu mwezi uliopita. Akasoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno.

"Salama kwa maji ya joto hadi nyuzi arobaini. Imepimwa na mkono wa T. Mwasandube." Akanitazama. "Na huyu ni nani?"

Ningeweza kusema simjui. Nilifikiria hivyo, sitaficha.

"Ni mimi."

Mama Ndekirwa aliisoma pakiti mara ya pili, kisha akaniangalia tena. Nilitaka anitukane. Hakunitukana, alionekana amechoka tu, kama mtu aliyekwisha kuletewa wataalamu wengi.

"Basi nendeni kwanza mkapatane," akasema, "wewe na huyo aliyeandika. Mkishapatana mrudi mniambie. Mtoto ana kiu."

Akafungua bomba.